Yowe la Majaribio

Josia alitangulia, mimi nikafuata, na tangu tulipoacha mashamba ya pamba hakunisemesha hata neno moja. Sikushangaa. Kijiji kizima kilikuwa hakinisemeshi tangu wakati wa palizi, na sasa watu walikuwa wanachuma pamba. Kilichonishangaza ni jinsi mtu anavyoweza kupanda mlima mkali kama ule, pumzi zimemwishia, shati limelowa mgongoni, na bado akabakiwa na nguvu za kunichukia.

Nyuma yetu alikuja Athumani, mtendaji wa kijiji. Ni kijana wa Bariadi mjini, ameletwa kwetu mwaka huu, na siku hiyo alikuwa amevaa mokasini za kwendea mkutanoni. Kila akikanyaga jiwe linabiringika, na kila likibiringika anamwita Mungu wake. Huyo ndiye aliyekuwa shahidi wetu.

Niseme kwanza kutengwa ni nini, maana wapo wanaodhani ni jambo dogo. Kwetu, vijijini nyuma ya Sola, mtu akitengwa na sungusungu hapigwi wala hafungwi. Afadhali angepigwa, angepona. Hasalimiwi, basi. Ukifika kisimani wenzako wananyamaza, wanatazama ndoo zao mpaka uondoke. Ukipeleka mahindi mashineni, mashine inazimwa. Ukiugua unauguzwa na watu wa nyumba yako, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Mama mkwe wangu, ambaye namwita mayu kama tunavyowaita mama zetu, alikuwa kitandani miguu imevimba, na kila asubuhi aliniuliza, "Nani amekuja kunisalimia?" Kila asubuhi nilimdanganya. "Wamepita, mayu. Ulikuwa umelala." Siku akifumba macho, nani angembeba? Mimi na mbuzi?

Na kosa letu lilikuwa nini? Mume wangu Masalu hakuitikia yowe.

Yowe, au mwano kwa Kisukuma, si kelele za kawaida. Mwanamke akilipiga, kila mwanaume mwenye miguu anatoka mbio na fimbo, upinde, panga, chochote alicho nacho, hata kama jana aligombana na mwenye yowe. Asiyetoka amejitenga mwenyewe, wengine wanakamilisha tu. Mchana ule wezi waliwavamia ng'ombe wa Josia karibu na zizi. Mwanawe Elia akawakabili na fimbo peke yake. Lucy, mke wa Josia, akapiga yowe, na mimi mwenyewe nililisikia nikiwa shambani, jembe likaniponyoka. Wanaume walifika, ng'ombe walirudi, lakini Elia alikuwa ameshakatwa panga shingoni. Alifia njiani kwenye pikipiki kabla ya kufika hospitali.

Baada ya maziko wakahesabiana. Masalu hakuwemo. Kwanza alisema alikuwa anaumwa. Halafu akasema alikuwa kwa mjomba wake. Mume wangu hajui kudanganya, na mtu asiyejua kazi angeiacha. Mwishowe akasema kweli: alikuwa mlimani, ndani ya shimo la Mjerumani, anatafuta dhahabu. Shimo lile lina bango la marufuku miaka yote, ndiyo maana alificha. "Sikusikia kitu," alisema. Watu wakacheka kwa hasira. Mlima uko juu ya vichwa vyetu, na yowe la Lucy lilikuwa limesikika mpaka ng'ambo ya mto.

Tukatengwa. Masalu alivumilia kidogo, kisha akaondoka kwenda Malampaka kubeba magunia stesheni. "Nimeshasema kweli, inatosha," aliniambia. Inatosha! Akaniachia mama yake na kimya cha kijiji kizima, akaenda zake kusikiliza treni. Nilimkasirikia Masalu kuliko nilivyomkasirikia Josia, ila Josia alikuwa karibu.

Basi siku moja nikaenda mkutano wa kijiji bila kualikwa, nikasimama katikati. "Shimo lipo," nikasema, "na midomo ya kupiga yowe ipo. Mtu aingie shimoni, mwingine apige huku chini, tuone." Hakuna aliyejibu, maana walikuwa hawaruhusiwi. Athumani ndiye aliyevunja kimya. "Hiyo ni testi nzuri kabisa," alisema, na wazee wakamtazama vibaya.

Josia akainuka. "Nitaingia mimi mwenyewe," akasema, si kwangu bali kwa kamanda wa sungusungu, Novatus. "Lakini yowe lipigwe palepale zizini kwangu, na sauti iwe ileile. Alipige Lucy." Lucy alikuwa amekaa upande wa wanawake. Aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza kama anataka, hata mimi.

Novatus akaamua. Siku ikapangwa, saa saba mchana, na kila nyumba iambiwe kwamba yowe hilo ni la majaribio, mtu asitoke na panga. Mimi na Josia tuingie shimoni, mtendaji awe shahidi. Josia asiposikia, nyumba ya Masalu inafunguliwa. Josia akisikia, tunahama kijijini kabla ya mvua. Nikakubali. Ningekubali nini kingine? Na kuhusu Josia mwenyewe, sikuwa na wasiwasi. Ndiye anayesoma masomo kanisani Jumapili, na sauti haimtetemeki.

Njia ya kwenda shimoni ilichongwa enzi za Wajerumani kwa ajili ya punda wa mizigo, na nadhani punda wao walikuwa na roho ngumu. Inakata ubavu wa mlima, inapinda, inarudi, na kila inapopinda inazidi kusimama. Mvua za miaka yote zimeila. Mahali pengine unaona ukuta mdogo wa mawe uliopangwa vizuri, halafu mbele yake hakuna njia tena, ni changarawe tupu inayoteremka mpaka kwenye miiba. Nyani walikuwa wamekaa juu ya majabali, wanatutazama tunavyohangaika. Walikuwa wakibweka, na mimi nikawa nahesabu hiyo kuwa salamu.

Tulipofika nusu, penye jabali lenye kivuli, Athumani akakaa. Soli moja ilikuwa imeachia mdomo.

"Jamani," alisema, "mimi mlima mkubwa ninaoujua ni lundo la pamba kiwandani. Siendi mbele."

"Wewe ni shahidi," nikamwambia.

"Nitashuhudia kutoka hapa. Mtaniambia mlichosikia. Mzee Josia ni mtu wa kanisa, mama, wasiwasi wako nini?"

Josia hakusubiri mwisho wa mazungumzo. Nikamfuata, nikimtukana Athumani kimoyomoyo, yeye na viatu vyake na ofisi iliyompa kazi.

Juu ya hapo njia inaishia kwenye mwamba laini ambao lazima uupande kwa mikono. Josia akapanda, akafika juu, akageuka. Mimi nilikuwa katikati wakati mguu ulipoteleza. Nikaserereka, goti likachubuka, kucha zikakwaruza mwamba mpaka nikapata ufa wa kushika. Nikainua macho. Alikuwa amesimama palepale, mikono ubavuni, ananiangalia kama mtu anayeangalia mbuzi wa jirani akila mahindi ya jirani mwingine. Hakuninyooshea mkono.

"Ningekufa ungesemaje huko chini?" nikamuuliza nilipofika juu.

Hapo ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza. "Ningesema sikusikia," alisema.

Nilitamani kumsukuma. Nasema wazi, nilitamani, na mahali palikuwa pazuri kwa kazi hiyo.

Shimo lenyewe liko mgongoni mwa mlima, upande usioonekana kutoka kijijini. Nje yake kuna kinu kikubwa cha chuma cha kupondea mawe, kimeshika kutu mpaka kimekuwa na rangi ya udongo. Wauza vyuma chakavu wamebeba kila kitu pale, hata reli walizing'oa, lakini kinu hicho kimewashinda. Kando yake bango la marufuku limelala chini, limetobolewa matundu. Mdomo wa shimo haushuki, unaingia ubavuni mwa mlima kama mlango, na mtu mrefu lazima ainame.

Tuliwasha tochi za simu. Ndani palinuka mavi ya popo, na magogo yaliyotegemeza dari yalikuwa yameliwa na mchwa. Njia ikaenda mbele, ikapinda kushoto, ikapinda tena. Kwenye kona ya pili mwanga wa nje ukaisha. Hapo nikasikia kitu kimevuta khanga yangu kwa nyuma. Nikageuka. Ni Josia, ameshika pindo langu kwa vidole viwili, na macho yamemtoka. Mwanaume aliyeniacha niserereke mwambani alikuwa anaogopa giza. Nilijisikia vizuri sana.

Mwisho wa njia tukakuta vitu vya Masalu. Sururu yake yenye mpini uliokatwa. Vipande vya mshumaa vimebandikwa juu ya mawe. Na karai langu la kuoshea vyombo, lile ambalo nilimsingizia jirani yangu Scola kwamba ameliiba, nikamtukana mpaka na ukoo wake. Limekaa pale limejaa mchanga. Nikalitazama, hasira na aibu vikanipanda kwa pamoja, nikapiga magoti nikaanza kulimwaga. Kweli alikuwa hapa, nikawaza. Mpumbavu yule alikuwa hapa kweli.

"Kaa kimya," Josia akasema. "Muda umekaribia."

Tukakaa, kila mtu kwenye jiwe lake. Alishika simu yake mkononi, akitazama saa. Nilisikia maji yakidondoka mahali, nikasikia popo mmoja akijigeuza, nikasikia pumzi zake na zangu. Saa saba ikafika. Nikafumba macho, nikasikiliza kwa mwili mzima. Nilijua Lucy amesimama zizini, amejaza kifua, mikono mdomoni. Nilijua sauti ile inavyotoka, inavyopasua mchana. Nikangoja.

Hakuna kitu. Tuliendelea kukaa mpaka miguu yangu ikafa ganzi, na bado hakuna kitu.

Josia ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alitazama simu yake, akatazama dari, akaweka kiganja ukutani kama anayeuliza jiwe. Mwanga ulimpiga usoni kutoka chini na nikaona machozi, ingawa hakutoa sauti.

"Kumbe," alisema.

Neno hilo moja tu. Lilinitosha. Nilichukua karai langu nikaliweka kichwani, na tulipofika mwambani niliteremka kwa makalio bila kujali. Nilikuwa nawaza nani atakuja wa kwanza kumsalimia mayu.

Athumani alikuwa bado chini ya jabali, simu mkononi. Alipotuona alisimama haraka. "Haya, wazee wangu," alisema, "mmesikia?"

"Nimesikia," Josia akasema.

Nilidhani masikio yangu yameharibika na giza. "Umesikia nini?" nikapiga kelele. "Josia! Si umesema kumbe? Si ulikuwa unalia?"

"Nimesikia yowe," akamwambia Athumani, bila kunitazama. "Saa saba kamili."

Athumani alimtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena. "Una uhakika, mzee?"

"Ninao."

"Na wewe, mama?"

"Sikusikia kitu, na yeye hakusikia kitu!" Nikamnyooshea kidole Athumani. "Ungepanda mwenyewe badala ya kukaa hapa kulea viatu, ungejua!"

"Haya," Athumani akasema taratibu. "Tutayasema hukohuko chini." Njia nzima ya kushuka nilimtukana Josia, mgongo wake ukiwa mbele yangu, na hakugeuka. Nilimwita mwongo, nilimwita muuaji wa mama mkwe wangu, nilimwambia Jumapili akisoma masomo ulimi wake ukauke. Nyani walinyamaza kutusikiliza. Nilipochoka kutukana nikaanza kufikiria tutahamia wapi, na mayu tutamsafirishaje na miguu ile.

Kijiji kilikuwa kimekusanyika uwanja wa ghala la pamba. Novatus alikaa kwenye kiti, wazee pembeni yake, wanawake upande wao chini. Lucy alikuwa katikati yao, khanga imemfunika kichwa. Athumani akamnong'oneza Novatus kidogo, na Novatus akamwambia Josia aseme alichosikia.

Josia akavua kofia. Sauti yake ilikuwa imara, sauti ya kanisani.

"Niliingia shimoni mpaka mwisho wake," alisema. "Nikakaa. Saa saba nikasikia yowe. Si kwa mbali, nililisikia vizuri sana. Masalu ni mwongo. Alisikia, akakaa, na mwanangu akafa."

"Una hakika lilikuwa yowe letu?" Novatus akauliza.

"Sauti ya Lucy, mke wangu, nitaikosaje?"

Watu hawakupiga kelele kama nilivyotegemea. Walitazamana. Mzee mmoja alifuta uso kwa kiganja. Kimya hicho sikukielewa, na nilikuwa nimekuwa mtaalamu wa vimya. Kisha Lucy akasimama, akashusha khanga mabegani.

"Yaya, hapana, baba Elia," alisema. "Sikupiga."

Josia akamgeukia.

"Sikupiga," Lucy akarudia. "Nilisimama pale alipoangukia. Nikafungua mdomo, sauti ikakataa. Wakaniambia jaribu, nikajaribu. Siwezi kumpigia Elia yowe mara mbili. Nikakaa chini nikalia, watu hawa wote wameniona."

"Tukasema jaribio liahirishwe," Novatus akasema. "Mtendaji tulimpata kwa simu. Wewe tulikupigia sana, ukawa hupatikani."

Ndipo nikaelewa kwa nini Athumani alikuwa anatazama simu yake. Alijua tangu kule jabalini, akamwachia Josia ajifunge kamba mwenyewe mbele ya watu. Mimi je? Angeninong'oneza, angepungukiwa nini? Nilitembea mlima mzima nikijua nimefukuzwa. Mpaka leo nikimwona yule kijana namsalimia kwa nusu mdomo.

Josia alibaki amesimama na kofia yake. Halafu akakaa palepale mchangani, mtu mzima, na alipozungumza hakuwa na ile sauti ya kanisani tena.

"Kule ndani hakusikiki kitu," alisema. "Hata lingepigwa na kijiji kizima. Najua. Lakini kama Masalu hakusikia, basi nimchukie nani?"

Wanawake wakaanza kulia. Mimi sikulia. "Wezi, Josia," nikamwambia. "Waliomkata mwanao. Hao umewahi kuwachukia hata siku moja, au walikuwa mbali mno?"

Novatus akainua mkono. Akatangaza kwamba nyumba ya Masalu imefunguliwa kuanzia muda huo, tusalimiwe, tuuziwe, tuzikwe. Kisha akasema uongo mbele ya baraza ni kosa, na aliyekosewa ndiye anayesema mkosaji afanywe nini. Wote wakanitazama. Wengine walikuwa wanatazama uso wangu kwa mara ya kwanza tangu palizi, na niliona wanataka niseme ng'ombe mmoja, tule nyama, yaishe.

"Atengwe," nikasema.

"Yeye na nyumba yake," Novatus akasema, kama ilivyo desturi.

"Yeye peke yake. Lucy asiguswe."

Wazee wakanung'unika kwamba jambo hilo halijawahi kutokea, mtu kutengwa na mkewe kubaki. "Litokee leo," nikawaambia. Nilikuwa na karai kichwani bado, goti linatoka damu, na nadhani waliogopa kubishana na mimi.

Jioni ile nilimpigia Masalu simu Malampaka. "Rudi nyumbani," nikamwambia. "Na karai langu nimelikuta." Alicheka, halafu akalia, halafu pesa ya simu ikaniishia. Kulipokuwa bado na mwanga nikaenda kwa Scola kuomba radhi, akanipokea kwa matusi ya kutosha na sahani ya viazi.

Asubuhi watu walianza kuingia uani kwangu kabla ya jua kukolea. "Mwangaluka," wanaita, na mayu anaitikia kutoka kitandani, "Mwangaluka mhola," sauti yake inapanda kila mara, mpaka nikahofia atainuka. Kila aliyeingia alimtajia ukoo wake, na yeye akauliza habari za wazee waliokufa zamani. Nilisimama mlangoni nikiwahesabia wote kimya walichonipa. Sikumsamehe hata mmoja, lakini niliwapa viti.

Lucy alikuja mwishoni, watu wakiwa wamepungua. Nyuma yake alikuwepo Josia. Hakuvuka ua wa minyaa. Alisimama nje, kofia mkononi, amezeeka usiku mmoja. Alinitazama usoni, akaita.

"Mwangaluka, mayu."

Haikuwa sauti ya kanisani wala ya mlimani. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba maji. Lucy aliinamisha kichwa, akangoja nitakachofanya. Ndani, kitanda kililia, mayu akijigeuza.

"Nani huyo anayenisalimia?" akauliza.

Nilikuwa nimemsikia vizuri sana.

"Hakuna mtu, mayu," nikajibu, nikamshika Lucy mkono, tukaingia ndani.